Kinyozi wa Gabrovo na chenji ya mdomo

GABROVO. Saa mbili asubuhi ya Jumapili, theluji ya mwisho inadondoka matone kutoka kwenye paa, na Tsonko Minev tayari ana mtu kitini. Mkono wa kulia umeshika mkasi, wa kushoto chanuo. Anakata kidogo, anarudi nyuma hatua moja, anakitazama kichwa cha mteja, anarudi tena.

Halafu anaacha kazi. Mkasi unaingia mfukoni mwa koti, mkono unapanda shingoni, na kidole gumba kinabonyeza kitambaa cheupe kilichofunika tundu chini ya koo. Sauti inatoka, nzito, yenye mikwaruzo.

"Ndevu. Urusi ya zamani. Zililipiwa kodi."

"Acha masihara!" anasema mteja, Penyu Kolev, dereva mstaafu wa basi.

"Kweli. Aliyelipa... alipewa kibati cha risiti."

"Basi mama mkwe wangu angefilisika," anasema Penyu, na saluni nzima inaangua kicheko.

Saluni nzima ni watu watatu. Wa tatu ni Dochka, muuza vitafunwa wa mkabala, aliyevuka barabara kwa kisingizio cha kuota moto. Tsonko naye anacheka, ila kicheko chake hakina sauti. Mabega tu ndiyo yanayotikisika. Kisha mkasi unatoka mfukoni na kazi inaendelea.

Kinyozi huyu, ambaye wateja humwita Bai Tsonko kama inavyostahili kwa mtu wa miaka sitini na sita, alitolewa koromeo hospitalini vuli ya mwaka juzi. Saratani. Anazungumza kwa msaada wa kidude kidogo cha plastiki kilichowekwa ndani ya koo, na kila akitaka kusema ni lazima azibe tundu la shingoni kwa kidole. Kwa mtu ambaye kazi yake inataka mikono miwili, hiyo maana yake ni moja: kila neno linamgharimu mkono.

"Sasa nimekuwa Mgabrovo kamili," anasema, mkasi ukiwa umepumzika. "Hata maneno nayabania."

Mji huu unajulikana Bulgaria nzima kwa mkono wa birika. Wanaotutania husema tunawakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi na joto lisitoke nje. Paka wa Tsonko, jike la kijivu linalolala juu ya taulo safi, ana mkia mzima na mrefu. Mkewe Donka anasema huo ndio ubadhirifu pekee alioushuhudia katika ndoa yao.

Leo, hata hivyo, Tsonko hana utulivu. Saa tano itapigwa simu ya video kutoka Zaragoza, Hispania, anakoishi binti yake Ivelina. Mjukuu wake wa pekee, Raya, mwenye umri wa miaka saba, hajakubali kukaa mbele ya simu na babu yake tangu Krismasi ya mwaka juzi. Leo ameahidi kukaa.

Tsonko ana sentensi chache za kumwambia. Amezifanyia mazoezi majira yote ya baridi. Hana hakika kama zitatoka.

Ili kuelewa kwa nini sentensi chache zina uzito huo, ni lazima kurudi nyuma hadi kwenye neno moja ambalo hapa mtaani lina maana yake ya pekee: chenji.

Majira ya baridi ya mwaka 1997, pesa ya nchi iliporomoka. Mkate wa asubuhi na mkate wa jioni haikuwa na bei moja. Sarafu zilipotea kabisa, na Tsonko, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama na saluni yake mwenyewe, alinyoa watu na kukosa cha kuwarudishia.

Siku moja Penyu, wakati huo bado na nywele za kutosha, alitoa noti kubwa na kunyoosha kiganja. Mkono mtupu haulambwi, na Tsonko hakutaka kumwachia rafiki yake kiganja kitupu.

"Nikamwambia, chenji sina, Bai Penyu. Chukua hii," anakumbuka Tsonko. "Vita vifupi kuliko vyote duniani... vilipiganwa Zanzibar. Dakika hazikufika arobaini. Aliyechelewa kunywa chai... alivikosa."

"Nilikasirika mpaka mlangoni," anadakia Penyu. "Kufika nje nikaanza kucheka. Nikaenda nikamsimulia mke wangu, nikasimulia kituoni, abiria wote wakasikia. Kesho yake nikarudi. Nikamwambia, Tsonko, ile noti ilikuwa kubwa bwana, chenji yangu haijaisha!"

Ndivyo ilivyoanza. Sarafu zilirudi baadaye, lakini watu waliendelea kudai chenji ya mdomo. Kila aliyenyolewa aliondoka na ajabu moja ya kweli: kwamba washairi na wachoraji waliwahi kushindania medali za Olimpiki, kwamba Malkia Kleopatra aliishi karibu zaidi na siku mtu alipokanyaga mwezi kuliko na siku piramidi kubwa ya kwao ilipojengwa, kwamba mji wa Strasbourg uliwahi kupatwa na gonjwa la kucheza ngoma, watu wakacheza mpaka wakaanguka. Mwaka huu pesa yetu, lev, imeondoka na euro imeingia, bei ya kunyolewa imekuwa euro nane, na siku nzuri huleta wateja kumi. Chenji ya mdomo haikuguswa na mabadiliko hayo.

Ajabu hizo alizichota kwenye redio, kwenye maktaba ya mji, na nyuma ya karatasi za kalenda ya ukutani, ile ya kuchanwa kila siku. Nyingine aliletewa na madereva wa malori. Zote alizihifadhi kichwani, na sharti lake lilikuwa moja tu: iwe kweli.

Mara moja alikosea, na mji haujamsamehe hadi leo. Alimwambia mwalimu mmoja wa jiografia kwamba Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka mwezini. Mwalimu alienda, akatafuta, akarudi. Ukuta ni mrefu, alisema, lakini ni mwembamba. Kutoka mwezini hauonekani hata kidogo.

"Nikamkalisha," anasema Tsonko. "Nikamnyoa bure."

"Bure!" anarudia Dochka kwa sauti ya mtu anayesimulia tetemeko la ardhi. "Mgabrovo kanyoa bure! Watu walikuja kukitazama kiti."

Kwa Raya, chenji ilikuwa ya kila Jumapili. Mtoto alizaliwa Zaragoza, ambako mama yake hufungasha mboga kwenye ghala, na babu alikuwa kwake ni uso ndani ya simu. Lakini ulikuwa uso wenye maajabu. Jumapili ya mwisho kabla ya operesheni, kwa sauti yake ya zamani ambayo tayari ilikuwa imekauka, Tsonko alimsimulia jinsi Waustralia walivyowahi kupeleka wanajeshi wenye bunduki za rashasha kupambana na emu, ndege wakubwa mfano wa mbuni, na jinsi ndege walivyoibuka washindi. Mtoto alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye kochi.

Baada ya operesheni ilikuja Krismasi. Ivelina alipiga simu, akamweka mtoto mbele yake, akaenda kugeuza nyama jikoni. Raya aliitazama bendeji shingoni mwa babu yake, akauliza: "Babu, utanipa tena chenji yangu?"

Tsonko hakuwa na sauti hata chembe. Akatabasamu, akajibu kwa kichwa. Akakitikisa kulia na kushoto, kwa nguvu, mara nyingi, ili mtoto asiwe na shaka.

Hapa kwetu huko ni kukubali. Kichwa kikienda kulia na kushoto ni ndiyo. Kikiinuka juu ni hapana. Dunia iliyobaki inafanya kinyume, na sisi tumeivumilia kwa karne nyingi. Lakini Raya ni mtoto wa Zaragoza. Alichokiona ni babu yake akimwambia, huku akitabasamu, hapana, hapana, hapana.

"Uso wake ukakunjamana," anasema Donka, aliyekuwa amekaa pembeni ya mumewe. "Akashuka kwenye kiti, akaenda zake. Sisi tukadhani ameogopa lile tundu. Tsonko akalia, mimi nikalia, na Ivelina kule hajui lolote, anauliza mbona mmekata simu."

Jumapili iliyofuata mtoto hakuja. Wala ile nyingine. Watu wazima waliamini ni hofu, wakaamua kumpa muda. Ivelina hakupata likizo ya kiangazi, kwa hiyo hakukuwa na safari ya nyumbani ya kuyarekebisha mambo.

Siri ilifichuka mwishoni mwa kiangazi, mtoto akiwa bafuni anaoshwa nywele. Mama alimuuliza kwa upole kama anaogopa kidonda cha babu.

"Siogopi kidonda," Raya alisema. "Babu alisema hatanipa tena. Nimemnunia."

Ivelina anasema kwa simu kwamba alikaa sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja, mikono ikiwa imejaa povu. Alimweleza mtoto habari ya vichwa vya Wabulgaria. Raya alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, na akatoa hukumu yake: "Basi aseme mwenyewe. Kwa mdomo."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kidude cha kusemea kilikuwa tayari kimo kooni mwa Tsonko, na mwalimu wa sauti hospitalini alishamfundisha namna ya kukitumia. Tatizo halikuwa koo.

"Nilijisikiliza mara moja tu," anasema. "Ilikuwa sauti ya bomba la sinki. Nikaona aibu."

Mtu aliyeishi kwa ulimi miaka yote hiyo alifungua tena saluni masika ya mwaka jana bila kusema neno. Alinyoa, akainamisha kichwa, akapokea pesa. Hata ile desturi yake ya kupuliza vijinywele kwenye shingo ya mteja ilikoma, kwa kuwa pumzi yake sasa hutokea kwenye tundu. Akanunua brashi. Na kwa kuwa nywele zinazoruka ni hatari kwa tundu hilo, akavaa kitambaa, kikamfanya aonekane padri.

Kinyozi hajinyoi, na aliyegawa maneno kwa wengine hakuweza kujigawia mwenyewe. Wateja wake ndio waliomtoa hapo.

Wiki ile ya kwanza Penyu alinyolewa, akaweka pesa mezani, hakuondoka. Akasema: "Umenipa chenji miaka mingi. Leo narudisha." Akamwambia kwamba sosi ya nyanya iliwahi kuuzwa Marekani kama dawa. Aliyefuata naye akaleta yake, na aliyemfuata. Hakuna aliyewaita kwenye kikao. Watu walianza kwenda maktaba, wengine wakawasumbua wajukuu wawatafutie kwenye simu, na kila aliyeketi kitini alilipa pesa zake na ajabu juu.

"Nilikuwa nasimama nyuma yao," anasema Tsonko. "Kwenye kioo wasinione machozi. Nawashukuru. Andika hivyo. Nawashukuru."

Lakini shukrani haikumfungua mdomo. Kilichomfungua ni hasira, na Penyu alijua anachokifanya.

Ilikuwa vuli iliyopita, habari za Raya zikiwa tayari zimeenea mtaa mzima, maana Donka humwambia Dochka na Dochka huuambia mji. Penyu alikaa kitini, akafungwa shuka, akasema kwa utulivu: "Chenji yangu ya leo. Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini."

Tsonko alikiinua kichwa juu: hapana.

"Unaonekana kabisa," Penyu akaendelea. "Hata milango yake. Nimesikia kuna mtu ameona nguo zimeanikwa."

Tsonko akagonga chanuo kwenye kioo. Penyu akajifanya haoni.

"Na Gabrovo pia inaonekana, ila tumezima taa."

Mkasi ukaanguka sakafuni. Kidole kikaenda shingoni. "Uongo!" Tsonko alinguruma, na paka akaruka kutoka kwenye taulo. "Uongo... mkubwa! Hauonekani!"

Hakuna aliyecheka. Penyu aligeuka taratibu kwenye kiti. "Karibu nyumbani, ndugu yangu," alisema. "Sasa okota mkasi, upande mmoja wa kichwa unapigwa na baridi."

Tangu siku hiyo saluni imekuwa darasa. Tsonko alitunga sentensi zake za kumwambia Raya, na kila mteja alisikilizishwa kipande kimoja. Palikuwa na ugumu mmoja tu, kwamba nywele za watu haziwahi kukua kwa kasi ya mazoezi. Wateja wakalitatua wenyewe. Penyu leo ananyolewa kwa mara ya tatu mwezi huu, na nywele alizobakiwa nazo hazitoshi kunyolewa hata mara moja. Mfua vyuma wa mtaa wa juu, aliyefuga ndevu tangu jeshini, alikuja kuzinyoa. Dochka mwenyewe alikaa kitini akaomba apunguzwe ncha.

Analipa kila mtu, euro nane zake. Asiyetujua anaweza asione kitu hapo. Lakini Mgabrovo akilipia kitu asichokihitaji, ujue amekupenda kweli. Kutoa ni moyo, na hapa kwetu moyo huo huwa umefungwa kwa kufuli mbili.

Saa tano kasoro, Donka anaingia na simu, anaiegemeza kwenye chupa ya manukato mbele ya kioo. Kwenye kifundo cha mkono ana uzi mwekundu na mweupe wa Machi, unaofungwa hapa kukaribisha masika, na mwingine ameufunga kwenye mpini wa mlango. Penyu ameshanyolewa lakini haondoki. Dochka ameacha mkate kwenye jiko lake, na anasema kama ukiungua na uungue.

Tsonko anakaa kwenye kiti cha wateja. Hajawahi kukaa hapo mbele ya watu. Anafungua kifungo cha juu, anafunga, anafungua tena.

"Bai Tsonko, pumua," anasema Dochka.

"Kwa tundu lipi?" anauliza, na kifungo anakiacha.

Simu inalia. Kwenye kioo cha simu anatokea Ivelina, halafu nusu ya paji la uso, halafu Raya mzima, amekunja mikono kifuani. Nywele za mbele zimemwingia machoni. Anangoja.

Kidole gumba kinapanda. Mara ya kwanza inatoka hewa tupu. Penyu anafumba macho. Mara ya pili inatoka sauti.

"Raya. Chenji yako."

Mtoto hajasogea.

"Kuna mwanamke. Wa milima yetu... ya Rodopi. Aliimba wimbo. Wakauweka kwenye santuri... ya rangi ya dhahabu. Wakairusha angani... na chombo. Mimi nikiwa kijana." Anavuta pumzi, kidole kinatoka, kinarudi. "Imeshazipita sayari zote. Bado inakwenda. Sauti yake... imo humo."

Kule Zaragoza inasikika pikipiki ikipita.

"Babu," anasema Raya, "una sauti ya dubu."

"Dubu mbaya?"

Mtoto anafikiri kwa haki. "Dubu mwenye mafua."

Mabega ya Tsonko yanaanza kutikisika. Mikono ya Raya inashuka kutoka kifuani, anausogeza uso hadi pua inajaza simu. "Na huko juu nani anamsikiliza yule bibi?"

"Hatujui bado. Anakwenda tu."

"Wewe ulisema hapana. Ile Krismasi."

"Nilisema ndiyo," anasema Tsonko. Sauti inakatika, analazimika kuanza upya. "Nilisema ndiyo, mwanangu. Kwa kichwa cha huku. Nisamehe."

Raya anapangusa pua kwa mkono wa sweta, anarudi nyuma, anakaa sawasawa. Ivelina, ambaye haonekani, anapenga kamasi kwa kelele.

"Pasaka mtakuja?" anauliza Tsonko. "Nikukate... hizo nywele za machoni?"

Mtoto anamtazama. Kisha, kwa uzito wote, anatikisa kichwa kulia na kushoto.

Dochka anapiga makofi. Donka anamkumbatia Penyu kwa kuwa ndiye aliye karibu. Lakini Tsonko hajafurahi bado. Ameshaungua mara moja na kichwa hicho hicho, na mwenye kichwa ni mtoto wa Zaragoza. Anainua kiganja watu wanyamaze, anabonyeza shingo.

"Hiyo ya Zaragoza... au ya Gabrovo?"

"Ya Gabrovo, babu!" anapiga kelele Raya. "Ya Gabrovo!"

Dakika chache baadaye simu imezimwa, na mkate wa Dochka umeungua kweli. Tsonko amesimama dirishani na kibao anachowawekea watoto juu ya mikono ya kiti, akikisugua kwa sabuni ingawa Pasaka bado iko mbali. Mpango wake ameshaupanga: kwanza atampa Raya chenji yake kwa mdomo, halafu atanyamaza, kwa kuwa nywele za mjukuu zinataka mikono miwili.

Kuhusu sauti anasema hana malalamiko. "Ilichukuliwa kubwa," anasema. "Nikarudishiwa hii. Ni chenji. Wengine hawarudishiwi kitu."

Penyu anavaa kofia juu ya kichwa kilichonyolewa mara tatu. Anafika mlangoni, anasimama, anageuka, ananyoosha kiganja.